Kupe, Papasi na Homa Isiyoonekana kwenye Kipimo cha Malaria: Mwongozo Kamili kwa Kaya za Dar es Salaam

Kila ifikapo mwezi wa Mei, simu za watu wa Dar es Salaam hupokea video za kutisha kuhusu ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe, kwa kuwa huo ndio mwezi ambao Wamarekani huutumia kuelimishana juu yake. Mwezi huohuo kwetu ni mwisho wa masika: nyasi za Goba, Kibamba na Chanika zimefika magotini, mbwa wamejaa kupe masikioni, na mtu aliyetazama video hizo usiku huamka asubuhi akimkagua mtoto wake kichwani bila kujua hasa anatafuta nini wala akikipata afanye nini. Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo pembezoni mwa jiji hili kwa miaka mingi, na swali ambalo nimeulizwa mara nyingi zaidi katika miaka ya karibuni si juu ya ng'ombe, bali ni hilo: je, Lyme imefika Dar?

Jibu langu limekuwa lilelile. Kupe wa kwetu wana magonjwa yao, mojawapo likiwa la ukoo mmoja na Lyme, na kinachowaumiza watu wetu ni kutolitaja wanapofika zahanati wakiwa na homa.

Hatua ya kwanza: Tenganisha ugonjwa wa Lyme na magonjwa ya kwetu

Ugonjwa wa Lyme ulipata jina kutokana na mji wa Lyme, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, ambako katikati ya miaka ya 1970 wazazi waliona kwamba watoto wengi mno wa eneo moja walikuwa wakivimba magoti. Mwaka 1982 mtafiti Willy Burgdorfer na wenzake walitangaza kwamba wameona ndani ya kupe bakteria mwembamba aliyejisokota kama skrubu, naye akaja kuitwa Borrelia burgdorferi kwa heshima ya mtafiti huyo. Wanaomsambaza ni kupe wa kundi la Ixodes wanaoishi katika misitu na nyasi za Marekani, Ulaya na sehemu za Asia, na kupe hao wasambazaji si wenyeji wa Tanzania. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuupata ugonjwa huo akienda kusoma au kutembelea ndugu kule. Dalili yake inayojulikana zaidi ni duara jekundu linalotanuka taratibu kwenye ngozi kati ya siku 3 na siku 30 baada ya kuumwa, na wengi wa wagonjwa, ingawa si wote, huwa nalo. Mtu aliyerudi kutoka huko akiwa na alama ya namna hiyo amweleze daktari mara moja, kwa sababu ukiwahiwa, ugonjwa huo hutibika kwa dawa za kawaida za bakteria.

Ndugu yake wa huku kwetu ni homa ya papasi (kupe laini anayeishi ndani ya nyumba), inayoletwa na bakteria wa ukoo uleule, Borrelia duttonii. Jina hilo linatokana na Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huu Kongo na kufa akiwa kazini hukohuko mwaka 1905, baada ya yeye mwenyewe kuambukizwa. Mwaka huohuo Mjerumani Robert Koch alikuwa hapa, katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, akichimbua vumbi la vibanda walimolala wapagazi kwenye njia za misafara ya kwenda bara. Aliwakuta papasi humo, na akaonyesha kwamba papasi jike huweza kuwarithisha watoto wake bakteria hao kupitia mayai. Maana yake kwa mwenye nyumba ni nzito: papasi anaweza kuzaliwa akiwa tayari na ugonjwa, hata kama hakuna mgonjwa yeyote aliyelala katika chumba hicho kwa muda mrefu.

Udugu wa bakteria hawa una athari moja ya kitabibu ambayo video hazitaji. Vipimo vya damu vya Lyme hutafuta kingamwili, na kingamwili za mtu aliyewahi kuugua homa ya papasi huweza kukidanganya kipimo hicho kikatoa jibu la kwamba ana Lyme. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kutoka Tanzania akilipia kipimo cha Lyme kwa sababu ya uchovu na maumivu ya viungo, anajinunulia mkanganyiko.

Hatua ya pili: Mjue kupe, mjue papasi

Watu wengi wa mjini huwaita wote kupe, na kwa mazungumzo ya kawaida haidhuru. Kwa kinga, inadhuru. Kupe wa kawaida ana ngao ngumu mgongoni, hukaa kwenye nyasi au kwenye nyufa za banda akisubiri mnyama, na akishamshika hujigandisha kwa siku kadhaa mpaka avimbe kama punje ya kunde. Ukimwona yuko palepale, ana ushahidi wake mdomoni. Papasi hana ngao. Ngozi yake imekunjamana kama zabibu kavu, rangi yake ni ya udongo, na mdomo wake umefichika chini ya mwili kiasi kwamba ukimtazama kwa juu huoni kichwa. Mchana hujifukia katika vumbi la sakafu na nyufa za ukuta. Usiku hutoka, huuma bila kuuma, kama wasemavyo wazee, hunyonya kwa dakika chache hadi nusu saa au zaidi kidogo, kisha hurudi alikotoka. Anaweza kukaa miaka bila kula. Mtu huamka bila kumwona, pengine bila hata kujua kwamba ameumwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayoharibu ushauri wa kuazima. Kule kwenye Lyme watu huambiwa kwamba kupe akitolewa kabla ya kutimiza saa 24, hatari ya kuambukizwa huwa ndogo, na kwa kupe wa kule hilo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Ukiupeleka ushauri huo kwa papasi, umempoteza mtu: papasi hakai hata saa mbili, na muda wake mfupi unamtosha kuambukiza.

Hatua ya tatu: Anza na mbwa na banda lake

Ndani ya jiji, mlango mkuu wa kupe kuingia nyumbani ni mbwa wa ulinzi. Kupe wa mbwa, yule wa kahawia, ana tabia isiyo ya kawaida: anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya ua bila kuhitaji nyasi. Jike akishiba hudondoka, hupanda ukuta wa banda, huingia kwenye ufa na kutaga mayai kwa maelfu. Ndiyo maana mtu humwogesha mbwa wake kwa dawa kila Jumamosi, akashangaa kwamba baada ya wiki mbili kupe wamerudi. Hawakurudi, hawakuwa wameondoka. Walikuwa kwenye ukuta. Chukua tochi usiku, angalia pale bati linapokutana na tofali na nyuma ya fremu ya mlango wa banda. Utaona punje za kahawia zilizopangana kama mbegu za papai zilizokaushwa.

Ziba nyufa hizo kwa saruji, toa magunia na matambara mbwa anamolalia uyachome au uyafue kwa maji yanayochemka, kisha nyunyizia banda zima, dari ikiwemo, dawa ya kuua kupe ambayo afisa mifugo au daktari wa mifugo amekuelekeza. Rudia kama lebo inavyosema, kwa kuwa dawa nyingi haziui mayai, na watakaoanguliwa wanahitaji kukuta dawa nyingine ikiwasubiri. Mbwa mwenyewe akaguliwe kila wiki: ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani na chini ya mkia. Zipo kola, vidonge na dawa za kudondoshea mgongoni zinazodumu kwa wiki au miezi. Ni ghali kuliko dawa ya kuogeshea, lakini kwa nyumba yenye watoto wanaomkumbatia mbwa naona ni fedha iliyotumika vizuri.

Hapa nitaweka onyo ambalo nisingependa lipitwe haraka. Dawa za josho la ng'ombe, zikiwemo zenye amitrazi, hupimwa kwa vipimo vya kuchanganya na maji mengi. Nimemwona kijana mlinzi akiimimina kutoka kwenye chupa ya soda, bila kipimo na bila glovu, akimpaka mbwa kwa tambara huku mtoto wa mwenye nyumba ameshika mkia. Mbwa alilegea mpaka jioni, na kijana alilalamika kichwa kizito. Dawa hizo zikae kwenye chupa yake yenye lebo, zipimwe kwa bomba la sindano, na mwenye kuzitumia avae glovu na kusimama upande unakotoka upepo. Nyumba yenye paka iwe na tahadhari ya ziada: permethrini, iliyomo katika dawa nyingi za mbwa, humuua paka.

Ua wenyewe hauhitaji maarifa mengi. Fyeka nyasi, ondoa marundo ya kifusi na mbao ambamo panya hujificha, na acha ukanda wa mchanga mtupu kati ya uzio wa pori na mahali watoto wanapochezea. Kuna wanaofuga kanga kwa imani kwamba watamaliza kupe. Ndege hao hudonoa baadhi kweli, ila sijaona ua uliosafishwa na kanga peke yake.

Hatua ya nne: Vaa kulingana na mahali unapokwenda

Hii inawahusu wanaoingia msitu wa Pande au Pugu na Kazimzumbwi kwa matembezi, wanaokagua viwanja vyao vyenye vichaka huko Bunju na Kigamboni, wakata majani ya ng'ombe, na wanaokwenda mbugani. Kupe wa nyasini haruki wala hadondoki kutoka mtini. Hupanda ncha ya jani, hunyoosha miguu ya mbele na kungoja mguu upite, kisha hupanda juu mwilini akitafuta ngozi laini. Kwa hiyo suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, hata kama inachekesha, inafanya kazi kubwa kuliko shati la mikono mirefu. Rangi nyeupe au ya maziwa hukuwezesha kumwona akiwa bado anatambaa. Dawa ya kujipaka yenye DEET, ileile inayofukuza mbu, husaidia pia kwa kupe. Tembea katikati ya njia. Wengi wako kwenye nyasi za kandokando wanakopita wanyama.

Hatua ya tano: Kagua, kisha toa kwa njia sahihi

Ukirudi, vua nguo nje au bafuni, uoge, na ukaguane na mwenzio. Kupe anapenda pasipo na hewa: nyuma ya magoti, kinenani, kitovuni, kiunoni pale mkanda unapobana, kwapani, chini ya matiti, nyuma ya masikio na kwenye nywele. Kwa mtoto, tumia vidole kuliko macho, kwa sababu kupe mchanga ni mdogo kama mbegu ya mtama na hugundulika kwa kupapasa.

Mwaka mmoja mjukuu wangu alikutwa na kupe nyuma ya sikio, pale ngozi inapojikunja. Kabla sijafika, shangazi yake alikuwa ameshapaka mafuta ya taa, jirani amependekeza njiti ya kiberiti iliyozimwa muda huohuo, na bibi yake alikuwa ameshanoa kucha. Zote tatu ni njia tulizokulia, na zote tatu ni mbaya. Mafuta na moto humchokoza kupe atapike alichokuwa nacho tumboni kuingia kwenye jeraha. Kucha humpasua, na ule mlio mdogo tunaoufurahia tukimpasua kupe wa mbwa ni damu yake inayoruka kwenye ngozi ya vidole, pengine kwenye jicho. Katika baadhi ya nchi za Afrika, jirani yetu Uganda akiwemo, kupe na damu ya wanyama wameambukiza watu homa hatari ya virusi inayotoa damu. Mtu asipasue kupe kwa mkono, awe ametoka kwa mbwa, kwa ng'ombe au kwa mtoto.

Nilichofanya ni hiki. Nilimlaza mtoto ubavu mapajani mwa mama yake, mwanga wa simu ukiwa umeelekezwa sikioni. Nilichukua kibano chenye ncha nyembamba, kile cha kung'olea nyusi kinachouzwa na wamachinga kwa bei ya chai, nikakipangusa kwa spiriti. Nikamkamata kupe karibu kabisa na ngozi, yaani kwenye mdomo wake na si tumboni, kwa kuwa ukimbana tumbo unamkamua kama bomba la sindano. Kisha nikavuta kwenda juu, moja kwa moja, taratibu, bila kuzungusha na bila kumvuta kwa ghafla. Ngozi iliinuka kidogo kama hema, nikangoja nikiwa nimeshikilia, na baada ya sekunde kadhaa aliachia mwenyewe. Nikaosha mahali hapo kwa maji na sabuni, nikapangusa kwa spiriti, nikanawa mikono.

Kipande cha mdomo kikibaki ndani, jaribu kukitoa kwa kibano mara moja. Kikigoma, kiache, ngozi itakisukuma yenyewe. Kuchimba kwa pini huleta jipu. Pasipo na kibano, funika vidole kwa mfuko wa nailoni au karatasi ya chooni, umkamate karibu na ngozi vilevile.

Kupe aliyetoka usimtupe sinkini. Mtie kwenye kichupa chenye spiriti, andika tarehe na mahali alipotoka, au mbandike kwa selotepu kwenye kalenda ya ukutani juu ya siku yenyewe. Kalenda ina faida ya pili, nayo ndiyo hatua inayofuata.

Hatua ya sita: Hesabu siku 30

Kuumwa na kupe si ugonjwa, na wengi wanaoumwa hawapatwi na lolote. Usinywe dawa ya bakteria kwa sababu tu umemtoa kupe. Ule ushauri wa kumeza dozi moja ya doksisaiklini ndani ya saa 72 umetungwa kwa ajili ya maeneo yenye Lyme na kwa kupe wake. Kazi yako ni kutazama kwa mwezi mmoja. Kwa aliyetoka mbugani au aliyekuwa karibu na ng'ombe, kinachotarajiwa zaidi ni homa ya rikesia, ugonjwa mwingine wa bakteria unaoletwa na kupe, ambayo mara nyingi hujitokeza ndani ya siku 10 kwa kichwa kuuma, misuli kukaza, tezi kuvimba na, pale alipoumwa, kidonda kidogo kisichouma sana chenye gamba jeusi katikati, mithili ya alama ya sigara. Vinaweza kuwa viwili au vitatu, kwa sababu kupe wa madoadoa hushambulia kwa kundi. Kidonda hicho ni kama muhuri. Mwonyeshe daktari hata kama kiko mahali pa aibu.

Hatua ya saba: Jiandae kwa safari ya bara

Homa ya papasi huko bara iko hasa katika nyumba za udongo, na eneo la kati ya nchi, Dodoma na vijiji vyake vyenye nyumba za tembe, linafahamika kwa hilo tangu zamani. Treni ya mwendokasi imeifanya safari hiyo kuwa ya saa chache, na kila Desemba maelfu ya watu wa Dar huenda kulala kwa babu na bibi. Wenyeji wengi waliugua wakiwa wadogo na miili yao imejenga kinga ya kiasi. Mgeni na mtoto aliyezaliwa Temeke hawana kinga hiyo.

Sisemi mtu asiende kwao. Aende na chandarua, akichomeke chini ya godoro pande zote, akilaze kitanda mbali na ukuta, na asilale chini kwenye mkeka hata kama ndugu wote wamejipanga hapo kwa mazungumzo. Vyumba walimolala kuku au mbuzi viepukwe. Mjamzito awe wa kwanza kupewa kitanda, na hili lisemwe waziwazi kwa wenyeji kabla ya safari ili lisionekane kuwa ni kujidai: homa ya papasi kwa mjamzito huweza kuharibu mimba, na mtoto anayezaliwa akiwa ameambukizwa huwa katika hatari kubwa ya kufa.

Kama una uwezo wa kuwasaidia wazazi, zawadi yenye manufaa kuliko kitenge ni mifuko michache ya saruji. Sakafu iliyosakafiwa na ukuta uliopigwa lipu hadi kimo cha kiuno vinamnyang'anya papasi makazi yake. Dawa ya kupuliza husaidia, lakini aliyezama ndani ya vumbi haifikiwi kirahisi.

Hatua ya nane: Sema maneno manne kwa mganga wa zahanati

Homa ya papasi huanza ghafla, kwa kawaida wiki moja hivi baada ya kuumwa: baridi kali, kichwa, maumivu ya mgongo na viungo, pengine kutapika. Hudumu siku tatu hivi, kisha hushuka kwa jasho jingi na mgonjwa hujiona amepona. Wiki moja baadaye hurudi. Inaweza kurudi mara kadhaa, na ndiyo sababu katika lugha ya kitabibu huitwa homa ya kujirudia.

Tatizo letu ni kwamba dalili hizo zote ni za malaria pia. Zamani mtaalamu wa maabara aliyekuwa akitafuta malaria kwa darubini aliweza kumwona bakteria huyu akijinyonganyonga katikati ya chembe za damu. Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho kimeokoa watu wengi na sikibezi, hakimwoni, kwa kuwa hakikuundwa kumtafuta. Jirani yangu mmoja, baada ya msiba wa kijijini, alipimwa hivyo mara tatu katika vituo viwili tofauti, majibu yakawa hakuna malaria, na mara zote alirudishwa nyumbani na dawa za maumivu au za tumbo. Kila homa ilipopoa, kila dawa ilipewa sifa ya kuponya. Hakuna aliyemuuliza alilala wapi, naye hakuona sababu ya kusema.

Sema basi, hata usipoulizwa. Kwanza, tarehe uliyoumwa na kupe au uliyolala ugenini. Pili, mahali penyewe, kwa jina la wilaya. Tatu, ulivyolala: chini, kwenye nyumba ya udongo, pamoja na mifugo. Nne, mwendo wa homa: ilianza lini, ikaacha lini, ikarudi lini. Kisha omba kwa adabu damu iangaliwe kwa darubini wakati homa imepanda, si siku umepoa, kwa sababu kati ya homa moja na nyingine bakteria hupungua kwenye damu hadi wasionekane. Kipimo cha malaria kifanyike pia. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Tiba ipo na ni dawa za bakteria zinazopatikana nchini, lakini usijinunulie duka la dawa. Saa chache baada ya dozi ya kwanza, bakteria wanapokufa kwa wingi, mgonjwa huweza kutetemeka sana, joto likapanda na presha ikashuka. Anahitaji kuwa mahali ambapo anaangaliwa. Mjamzito na mtoto mdogo wana dawa zao tofauti, na daktari ndiye wa kuchagua.

Mwenye mifugo

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa wafugaji wanajua mengi. Ndigana kali, ndigana baridi, mkojo mwekundu na maji moyo huletwa na kupe na huua ng'ombe, ila ndigana kali haimpati binadamu, na hofu ya watu wa mjini juu ya hilo haina msingi. Ng'ombe aliyenunuliwa mnada wa Pugu atengwe na kuogeshwa kabla ya kuingizwa bandani na wale wa majani ya kukatwa, ambao hawajazoea kupe na hufa upesi. Chanjo ya ndigana kali ipo. Muulize afisa mifugo wa kata. Mchunaji wa ngozi avae glovu na mabuti, kwa kuwa kupe humhama mnyama aliyekufa mwili wake ukianza kupoa.

Hatua ya mwisho: Ufikishe ujumbe mtaani

Aliyefika hapa anaweza kuwafundisha wengine, na nafasi zipo: mkutano wa serikali ya mtaa, kliniki ya wajawazito, baada ya swala au ibada, kijiwe cha bodaboda, na hasa walinzi wa usiku, ambao ndio wanaolala karibu na mbwa kuliko mtu yeyote na ndio wasioalikwa kwenye semina. Chagua majira mawili: Februari, kabla ya masika, ambapo zungumzo liwe la mbwa na ua, na mwanzoni mwa Desemba, kabla ya safari, ambapo zungumzo liwe la papasi. Ukiyachanganya yote siku moja, watu watakumbuka picha ya kutisha tu.

Ukianza na neno kupe, jiandae kwa kicheko. Waliokua enzi za Ujamaa wanalijua kama jina la mnyonyaji, na mzee mmoja ataitumia nafasi hiyo kumtaja mtu. Mwache aseme, kisha toa kichupa chako. Kupe mmoja halisi ndani ya spiriti, akipitishwa mkono kwa mkono, hufundisha kuliko bango. Waambie watoto wahesabu miguu: mkubwa ana minane, aliyeanguliwa tu ana sita, na ubishi utakaozuka utawafanya wamtazame kwa makini. Baada ya hapo mwonyeshe mtu mmoja namna ya kutumia kibano, kwa kumvuta kupe aliyegandishwa kwenye kipande cha kitambaa kwa gundi, na wengine wajaribu.

Atakayeuliza juu ya Lyme ajibiwe kwa sentensi moja, kwamba ni ugonjwa wa kupe wa nchi za kaskazini na aliyetoka huko akiugua amwambie daktari. Usiongeze chumvi ili usikilizwe, na usisambaze ujumbe wa sauti usiojua umetoka kwa nani. Kabla ya kuagana, waombe waandike kwenye simu zao namba mbili, ya mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa wao na ya afisa mifugo wa kata, na usubiri mpaka aliye nyuma kabisa amalize kuandika.